Wimbo wa Mfu na Rafiki Yake



Liko swali moja ambalo kila mtu aliye hai hulificha moyoni mwake, nalo ni hili: Siku nitakapokuwa sipo tena, je, dunia itaniona nimepungua? Shamba langu litalimwa? Rafiki zangu watacheka kama walivyocheka jana? Wahenga wetu walisema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," na maiti hasemi. Basi leo nataka kuwaeleza habari za wimbo mmoja wa Kiingereza ambamo maiti anasema. Tena haulizi habari za mambo makubwa ya wafalme na mataifa, bali anauliza habari za farasi wake, na za mchezo wa mpira, na za mchumba wake, na za rafiki yake. Na mtu aliye hai anamjibu.

Wimbo wenyewe ni mfupi. Hauchukui zaidi ya dakika nne hivi. Shairi lake lilitungwa na Bwana A. E. Housman, likatokea kitabuni mwaka 1896. Sauti yake na mapigo ya piano yalitungwa na Bwana George Butterworth, yakapigwa chapa mwaka 1911. Mwimbaji ni mmoja, na mpigaji wa piano ni mmoja. Hakuna ngoma, wala tarumbeta, wala kundi la waimbaji. Hata hivyo, mtu akiusikia vizuri mara moja, ni vigumu kuusahau.

Kwanza yafaa tujue wimbo wa namna hii ni kitu gani. Waingereza wana nyimbo za kila aina kama sisi tulivyo nazo: za ibada, za askari wakienda safarini, za wakulima, za kubembelezea watoto. Huu si mmojawapo wa hizo. Hapa shairi ndilo linalotangulia. Mshairi hulitunga peke yake, ili lisomwe, pengine bila kufikiri kuimbwa hata kidogo. Kisha huja fundi wa muziki, pengine baada ya miaka mingi, akalisoma, likamwingia moyoni, akalitafutia sauti.

Sisi watu wa pwani na bara yake twajua kwamba shairi na uimbaji ni ndugu. Lakini kwetu mizani na vina vikiwa sawa, sauti moja yaweza kuchukua mashairi mia, na shairi moja laweza kuimbwa kwa sauti mbalimbali, kila mtu na ya kwao. Katika wimbo wa namna tunayoizungumza sivyo. Sauti hii imekatwa kwa kipimo cha shairi hili, kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja; ukimvika mwingine, mikono itakuwa mirefu na shingo itabana. Fundi husikiliza kila neno: neno hili ni zito au jepesi? Msemaji ana furaha, au anajifanya ana furaha? Kisha huandika sauti ya kila silabi, na urefu wake, na nguvu yake, hata mwimbaji asipate ruhusa ya kuongeza wala kupunguza apendavyo.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1597 Mwingereza John Dowland alipiga chapa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo za kuimbwa pamoja na kinanda kidogo cha nyuzi, ambacho asili yake ni udi wa Waarabu, huo huo tunaousikia katika taarabu zetu. Baadaye piano ikashika mahali pa chombo kile. Na katika nchi ya Austria, mwaka 1815, kijana Franz Schubert, mwenye umri wa miaka kumi na minane, alilichukua shairi la Goethe la baba ampandishaye farasi mwanawe mgonjwa usiku, akalitungia sauti. Katika wimbo ule mwimbaji mmoja husema kwa niaba ya watu wanne: msimulizi, baba, mtoto, na pepo anayemwita mtoto. Tangu hapo mafundi wengi wamefahamu kwamba mtu mmoja aliyesimama kando ya piano aweza kuwa mchezo mzima wa kuigiza. Jambo hilo lishikeni, maana tutalirudia.

Sasa niwaambie habari za mshairi. Alfred Edward Housman alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Worcestershire, magharibi ya Uingereza. Alipokuwa mtoto aliona upande wa machweo ya jua vilima vya jimbo la jirani, Shropshire, nalo jimbo lile likawa kwake kama nchi ya ndoto. Alipokuwa mkubwa alifanya kazi ya ukarani miaka kumi katika ofisi ya serikali mjini London, huku usiku akisoma Kilatini kwa bidii yake mwenyewe. Na mwaka 1892 akafanywa mwalimu mkuu wa Kilatini katika chuo cha London, na mwaka 1911 akahamia Cambridge. Alikuwa mtu mkali, mwenye maneno machache, asiyesamehe kosa la mwanachuoni mwenzake. Nani angalidhani kwamba mtu huyo ndiye aliyetunga mashairi 63 ya vijana wa mashambani, wanaopenda, wanaokunywa, wanaokwenda vitani, na wanaokufa mapema? Kitabu chake kilichotoka mwaka 1896, kiitwacho A Shropshire Lad, yaani Kijana wa Shropshire, alikigharimia mwenyewe. Mwanzo hakikununuliwa sana. Baadaye kikaenea nchi nzima, hata askari wakakichukua mifukoni mwao.

Shairi letu limo katika kitabu hicho. Lina beti nane, kila ubeti mistari minne. Limepangwa kwa kujibizana: ubeti mmoja wa mfu, ubeti mmoja wa aliye hai, mpaka mwisho. Wasikilizaji wapendao mashairi hawatashangaa, maana majibizano ni mchezo tuujuao tangu zamani. Lakini kwetu washairi wawili hujibizana mbele ya watu, kila mmoja apate kumshinda mwenzake. Hapa mmoja yumo chini ya udongo, wala hakuna mtu wa kusema nani ameshinda.

Mfu anauliza kwanza habari za farasi aliokuwa akiwaongoza wakivuta plau. Mashamba ya Uingereza siku zile yalilimwa kwa farasi, na vyuma vya matandiko yao vikilia njuga. Je, wangali wakilima? Rafiki anajibu kwamba ndiyo, hakuna kilichobadilika, ijapokuwa mwenye kuwaongoza amelala chini ya ardhi ile ile aliyokuwa akiilima. Mfu anauliza tena: vijana wangali wakicheza mpira kando ya mto? Anajibiwa kwamba wanacheza kwa moyo wote, na mlinda lango yuko mahali pake. Swali la tatu ni la mchumba wake: je, amechoka kulia usiku? Jibu ni kwamba halii; ameridhika; wewe nawe tulia, lala. Ndipo linapokuja swali la nne, juu ya rafiki mwenyewe: yu mzima? Amepata kitanda kizuri kuliko hiki changu? Na rafiki anakiri, nusu kwa maneno na nusu kwa kuficha, kwamba analala vizuri, na kwamba anamliwaza mchumba wa mtu aliyekufa, lakini asiulizwe ni wa nani.

Hapo shairi linakwisha. Mshairi hamlaumu rafiki, wala hamtetei; wala hatuambii huyu mfu alikufaje, kwa homa, au kwa vita, au kwa bahati mbaya. Na hapo ndipo kazi ya fundi wa muziki inapoanza, nayo ni ngumu. Msomaji wa kitabu aweza kusoma jibu la mwisho kwa namna yoyote: kwa haya, kwa majuto, kwa ujeuri, au kwa huruma. Karatasi haitoi sauti. Lakini mwimbaji hawezi kuimba bila sauti, wala sauti haiwezi kukosa kuwa ya haraka au ya pole, ya juu au ya chini, ya nguvu au ya kunong'ona. Kwa hiyo atungaye wimbo hana budi kuchagua lile ambalo mshairi aliliacha wazi. Huo ndio mzigo wake, na ndiyo sababu nyimbo mbili za shairi moja zaweza kuwa na maana mbili.

George Butterworth alizaliwa London mwaka 1885, akalelewa katika mji wa York, ambako baba yake alikuwa mkubwa wa shirika la reli. Mama yake alikuwa mwimbaji, naye ndiye aliyemwanzisha katika muziki. Alisoma Eton, kisha Oxford. Huko aliingia katika urafiki na watu waliokuwa wakizunguka vijijini kuandika nyimbo za wakulima wazee kabla hazijapotea, yaani Cecil Sharp na Ralph Vaughan Williams. Butterworth naye alitembea kwa miguu na kwa baiskeli, daftari mkononi, akiwaomba wazee wamwimbie. Tena alijifunza ngoma zao, akazicheza mwenyewe. Kwa muda alikuwa mwalimu wa shule kama mimi. Ninalisema hili kwa sababu ukiusikia wimbo wake utatambua kwamba aliyeutunga amekaa na kusikiliza watu wa kawaida wakiimba. Hakuna pambo la bure ndani yake. Neno moja, sauti moja, basi.

Sasa usikilizeni wimbo jinsi ulivyo. Mfu anaanza. Sauti yake inatoka juu, laini sana, kama mtu anenaye kutoka chumba cha pili. Haina mwendo wa kuhesabiwa kama wa watu wanaotembea. Inakaribia kuwa ya kusemwa. Chini yake piano haipigi wimbo wowote, bali inaweka mafungu ya sauti, moja baada ya moja, yakishuka pole pole. Ukiyasikia utahisi kwamba hayana sakafu ya kusimamia.

Kisha anajibu aliye hai. Mara moja kila kitu kinageuka. Mwendo unaharakishwa, sauti inakuwa ya nguvu, ya kifua, na piano inasimama imara chini yake kama ardhi kavu. Huyu ni mtu mwenye damu, aliyekula akashiba, mwenye jembe mkononi. Ndipo mfu anarudi, na ule unyonge unarudi pamoja naye. Hivyo ndivyo inavyokwenda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Butterworth habadilishi sana. Anawapa wawili hawa sauti zile zile kila zamu, kama wimbo wa kijijini unavyorudia sauti ile ile kila ubeti. Mtu asiyesikiliza vizuri aweza kudhani fundi alikuwa mvivu.

Lakini ngojeni ubeti wa mwisho. Rafiki anaanza kujibu kwa nguvu yake ile ile ya siku zote, ndiyo, mimi mzima, nalala vizuri. Halafu anapofika penye siri yake, nguvu inamwishia. Mwendo unapungua, sauti inashuka, na maneno ya mwisho yanatoka kama ya mtu aliyegundua, huku akisema, kwamba anayesema naye anasikia. Mwimbaji ananyamaza. Na baada yake piano peke yake, kwa sauti ndogo kabisa, inarudisha yale mafungu ya sauti yashukayo, yaliyokuwa ya mfu. Mfu haulizi swali la tano. Hana haja. Amekwisha kufahamu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Tazameni basi piano imefanya nini. Mshairi alikwisha maneno, mwimbaji alikwisha maneno, lakini piano ilikuwa bado na neno moja. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasiite piano "msaidizi." Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Bwana mwalimu, kwa nini tungoje mpaka kinanda kinyamaze? Wimbo si umekwisha?" Nikamwambia, Wimbo haujaisha mpaka aliyekufa ameondoka chumbani.

Butterworth hakuwa wa kwanza kulitungia sauti shairi hili. Mwaka 1909 rafiki yake Vaughan Williams alilitia katika nyimbo zake sita ziitwazo On Wenlock Edge, za mwimbaji mmoja pamoja na piano na vinanda vinne vya nyuzi vipigwavyo kwa upinde. Yeye alichagua njia nyingine. Mfu wake anaimba juu ya nyuzi laini za mbali, lakini aliye hai ana wasiwasi tangu mwanzo. Mapigo yake ni ya haraka kama moyo wa mtu mwenye hatia. Kwa Vaughan Williams, rafiki anajua kosa lake kabla hajaulizwa. Kwa Butterworth, analijua anapolitamka. Ni nani aliye na haki? Shairi linawaruhusu wote wawili, wala mimi sitakata hukumu. Jaribuni kusikiliza nyimbo zote mbili, mchague wenyewe.

Katika jambo moja, lakini, palitokea ugomvi. Vaughan Williams aliacha beti mbili, zile za mpira. Housman alikuwa na desturi ya kuwaruhusu watungaji wa muziki kuyatumia mashairi yake, lakini alipopata habari kwamba limekatwa alikasirika, akauliza katika barua, mtungaji huyo angependezwaje kama mshairi angalimpunguzia vipande viwili vya muziki wake? Vaughan Williams aliona kwamba mwenye kutunga sauti ana haki ya kupunguza, maadamu hapotoi maana. Na akaongeza kwamba mshairi angalipaswa kushukuru beti zile zikisahauliwa. Butterworth aliziacha zote nane mahali pake. Nami naona alifanya vema. Mpira ule wa kando ya mto si upuuzi. Huyu mfu alikuwa kijana. Na kijana aliyekufa hukumbuka uwanja kabla ya kukumbuka mambo makubwa. Tena, swali la mpira linampeleka kwa hatua: kutoka shambani hadi uwanjani, kutoka uwanjani hadi kwa mchumba, kutoka kwa mchumba hadi kwa rafiki. Ukiondoa daraja moja, anafika upesi mno mahali pa maumivu.

Watu wengi husema kwamba huu ni wimbo wa vita. Sivyo. Ulipopigwa chapa mwaka 1911, Vita Kuu ilikuwa bado miaka mitatu. Lakini yafuatayo yaliufanya usikike hivyo. Vita ilipoanza Agosti 1914, Butterworth alijiandikisha kuwa askari wa kawaida, kisha akafanywa ofisa katika kikosi cha Durham, ambacho askari wake wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe. Kabla ya kwenda Ufaransa alipitia karatasi zake za muziki, akateketeza nyingi alizoona hazistahili. Katika vita vya mto Somme alipata nishani ya ushujaa. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti, 1916, karibu na kijiji cha Pozières, alipigwa risasi handakini akafa. Alikuwa na umri wa miaka 31. Mkuu wa brigedi yake alipomwandikia baba yake, hakuwa na habari kwamba luteni yule alikuwa mtungaji wa muziki. Na baba naye hakuwa na habari za nishani. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa huko Thiepval, katika ukumbusho wenye majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi.

Vita hiyo hiyo ilifika kwetu pia. Mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi ilipata majina yake kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambao walichukua mizigo ya majeshi katika misitu na mabonde ya Afrika ya Mashariki, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nao wengi hawana kaburi lijulikanalo wala jina lililochongwa. Basi mfu anapouliza kama shamba lake lingali likilimwa, sioni haja ya kufikiri Shropshire tu. Wangapi waliacha jembe penye kizingiti, wakaenda, na swali kama lile likabaki bila mtu wa kulijibu?

Mwisho nawapa shauri moja juu ya kusikiliza. Mkipata santuri ya wimbo huu, usikilizeni mara tatu. Mara ya kwanza fuateni maneno tu, mkijua zamu ni ya nani. Mara ya pili msimsikilize mwimbaji. Isikilizeni piano peke yake, muone inavyoshuka kwa mfu na kusimama kwa aliye hai. Mara ya tatu sikilizeni yote pamoja, wala msiseme neno mpaka sauti ya mwisho ya piano imekwisha kabisa.

Na baada ya kunyamaza, pengine mtaona, kama nilivyoona mimi, kwamba jibu la rafiki lilikuwa na ukweli ndani yake, ingawa lilikuwa chungu. Farasi wanalima. Vijana wanacheza. Aliyelia ameacha kulia. Dunia haikusimama, wala haikupaswa kusimama. Lakini aliye hai hakuweza kuyasema hayo kwa sauti kubwa mpaka mwisho. Katika neno lake la mwisho sauti ilimpungua, na kule kupungua kwa sauti ndiko kulikokuwa matanga ya mwenzake.

Kwa herini, wasikilizaji, mlale salama.